Mwezi Mzima, Hakuna Sambaza: Juu ya Mashairi Tunayowaandikia Watoto

Siku ya proklamasio, mwishoni mwa mwaka wa masomo, kuna dakika chache ambazo kila mzazi wa Kivu anazijua. Mbele ya mkurugenzi kusoma pointi, mwalimu anawasimamisha watoto watano ao sita katika bulu na nyeupe yao, mikono nyuma, macho juu, nao wanatoa risitasio. Zamani ilikuwa Kifaransa tupu. Siku hizi mara nyingi inafuata moja ya Kiswahili, iliyotungwa na mwalimu mwenyewe, na wamama wanapiga vigelegele juu wamesikia kila neno. Siye tunapenda jambo hilo kabisa. Ndiyo maana tunaona inafaa mtu ayatazame mashairi hayo kama mashairi, si kama mapambo ya siku, na aseme wazi ni wapi yanasimama na ni wapi yanaanguka.

Kwa maana mengi yanaanguka, na yanaanguka karibu yote mahali pamoja.

Hatutaki kumpa haya mwalimu yeyote aliyejitoa kutunga. Kwa hiyo mistari yote tutakayoonyesha hapa tumeitunga wenyewe, mibaya na mizuri. Huu ni mfano wa shairi la ziwa kama linavyoandikwa kwa kawaida:

Enyi watoto njooni,
ziwa letu tazameni,
samaki wamo majini,
wazazi wenu tiini.

Hesabu iko sawa. Kila mstari una mizani 8, na kina hakikosi hata mara moja. Mwalimu anaweza kuliandika ubaoni bila woga. Lakini umwulize mtoto wa Kituku ao wa Idjwi ameona nini ndani yake, atakuambia hakuna. Samaki wamo majini. Wangekuwa wapi? Ziwa hilo halina jina, halina harufu, halina saa. Linaweza kuwa Kivu, linaweza kuwa Tanganyika, linaweza kuwa beseni la kufulia. Na kabla hatujamaliza kutazama, tayari tunaamriwa kuwatii wazazi, kama vile ziwa lilikuwa mlango tu wa kuingilia ndani ya katekisimu.

Kosa hili halitoki kwa roho ya mwalimu peke yake. Linatoka pia ndani ya kina chenyewe. Kiswahili kinatoa kina cha -ni bure, bila jasho: kila amri kwa watu wengi inaishia pale (njooni, someni, tiini), na kila mahali panaweza kuishia pale vile vile (majini, nyumbani, shambani). Mtunzi anaanza na mahali, kina kinambana, anakimbilia amri. Hakuamua kuhubiri, kina kilimvuta kwa mkono mpaka juu ya mimbara. Tumesoma karatasi nyingi za namna hiyo, na kila mara tunapoona mstari wa kwanza unaishia na -ni, tunajua mstari wa mwisho utasema nini.

Tujaribu ziwa lile lile kwa njia nyingine. Kila mtoto wa pembeni ya Kivu anajua namna sambaza inavyovuliwa. Jioni mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu inatoka, wavuvi wanapiga makasia kwa wimbo, na usiku taa zinawaka juu ya maji ili samaki wapande kwenye mwanga. Ukisimama juu ya kilima cha Bukavu unaziona kama mji mwingine uliojengwa ziwani. Lakini usiku wa mwezi mzima mji ule haupo. Mwanga wa mwezi unashinda taa, sambaza hawakusanyiki tena, na wavuvi wanabaki nyumbani. Mtoto anajua jambo hilo kwa tumbo lake:

Leo mwezi ni mzima,
taa zimelala ndani,
baba anashona nyavu,
sisi tunakula sombe.

Mizani ni 8 vile vile. Hakuna kina, hakuna amri, hakuna hata neno moja la kusifu uzuri wa mwezi. Lakini mtoto anayesema mistari hii anafanya kazi ya akili: anaunganisha mwezi na sahani. Mwenzake wa Walungu ao wa Kindu, asiyejua uvuvi huu, atauliza, «Kwa nini sombe?» Na jibu litatoka kwa mtoto, si kwa mwalimu. Katika mashairi mengi mwezi ni taa nzuri ya mbinguni, basi. Kwa mtoto wa mvuvi mwezi mzuri ni ule mwembamba. Mtunzi asiyejua tofauti hii hajatazama ziwa, ametazama mashairi ya wengine juu ya ziwa.

Tena tusifikiri kwamba «asili» ni kitu kisichobadilika, ambacho wazee walituachia kizima. Sambaza yenyewe ni mgeni. Ililetwa kutoka Tanganyika na kutiwa ndani ya Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wako mababu waliozaliwa pembeni ya ziwa hili wakakua bila kuonja hata moja. Leo mtoto wa Bukavu hawezi kuwaza ziwa pasipo sambaza. Kwa hiyo mwalimu anayesema, «Mimi ninaandika juu ya mila, siwezi kutia mambo ya sasa», ajue kwamba kile anachokiita cha zamani mara nyingi kina umri wa baba yake.

Ugonjwa huu una wazazi wawili. Wa kwanza ni risitasio ya Kifaransa. Watu wa umri wetu walikariri theluji, majira manne na majani yanayoanguka wakati wa vuli, nao walikuwa wameketi chini ya manjanja, na nje mvua ya Septemba ilikuwa inapiga kiasi kwamba mwalimu alilazimika kunyamaza. (Jambo hili la mvua kusimamisha somo, ambalo kila mtu aliyesoma inchini mwetu analijua, hatujalikuta hata mara moja katika shairi la watoto. Kwa nini?) Tulijifunza kwamba shairi ni maneno juu ya vitu ambavyo havipo. Na tulipopewa nafasi ya kuandika kwa Kiswahili, tulihamisha mazoea: theluji ikawa «umande», malaika akabaki malaika.

Lakini tusimwonee Mfaransa. La Fontaine, ambaye kila mtu aliyepita katika masomo yetu alimkariri, alitoa hadithi zake za kwanza mwaka 1668, na ile inayofungua kitabu, ya nyenje na siafu, haina funzo lililoandikwa mwishoni. Inaishia na jibu kali la siafu, kisha kimya. Msomaji anabaki kugombana: nani alikuwa na haki? Walimu ndio walioongeza funzo ubaoni, chini ya mstari, kwa chaki nyekundu. Tumeiga chaki, hatukuiga hadithi.

Mzazi wa pili ni ushairi wa pwani. Kitabu cha Amri Abedi juu ya sheria za kutunga, kilichotoka mwaka 1954, ni kazi kubwa, na anayetaka kujua mizani, vina na kituo hana njia fupi kuliko kukisoma. Shida ni kwamba kwetu sheria zile zimefika bila watu wake. Kule pwani shairi la mizani 16 kwa mstari, 8 na 8, linaimbwa. Masikio ya watu yamezoea sauti ile tangu utotoni, na mshairi anajibiwa na mshairi. Kwetu limefika kama fomu ya kujaza. Mwalimu anahesabu kwa vidole, anatafuta neno la kuziba tundu, na neno linalopatikana ni la kule: minazi, jahazi, mawimbi ya bahari, karafuu. Mtoto wa Masisi anakariri minazi. Ana mlima mbele yake, ana ng'ombe, ana ukungu wa asubuhi unaoficha mpaka mkia wa ng'ombe, lakini anakariri minazi. Na hata kule Tanzania mabishano yalikwisha kutokea. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974 bila kufuata vina, wengine walisema hayo si mashairi. Siye huku tunaendelea kushika sheria kwa ukali kuliko wenyewe, kama mgeni anayeogopa kuketi kabla ya kuambiwa.

Na wakati huo tulikuwa na vyetu. Chukueni Walega. Katika bwami, methali haitolewi peke yake. Mwenye kufundisha anaonyesha kitu, sanamu ndogo, gamba, jani, mdomo wa ndege, na neno linakuja pamoja na kile kitu, kwa wimbo na kwa mchezo wa mwili. Kitu kiko mkononi, neno liko mdomoni. Bwami ni ya watu wazima, hatusemi tuilete shuleni. Tunasema tu kwamba wazee wa Maniema na wa Mwenga walijua jambo ambalo vitabu vyetu vya masomo vimesahau: neno lisilo na kitu cha kushika halikai ndani ya kichwa.

Ao chukueni Mwindo wa Wanyanga, huko Walikale, ambaye hadithi yake iliimbwa na mzee Rureke, ikachapwa na Biebuyck na Mateene mwaka 1969. Mwindo ni mtoto. Anatembea na kusema siku ile ile ya kuzaliwa, jina lake la sifa linasema hivyo hivyo. Baba yake hataki mtoto wa kiume, anamfunga ndani ya ngoma na kumtupa mtoni, na yeye anaimba ndani ya ngoma. Mwishoni, kwa kuwa ameua joka lililokuwa rafiki ya Radi, anachukuliwa juu mbinguni, na huko Mvua inampiga, Jua linamchoma, Mwezi unamtesa, mpaka anakatazwa kuua mnyama tena. Hapo funzo lipo, hakuna anayelikataa. Lakini limeingia kwa njia ya ngozi. Mwindo amelowa, ameungua, amesikia baridi. Na tena ona namna mababu walivyomheshimu mtoto: walimpa vita na baba yake, walimpa mbingu nzima. Hawakumpa kipepeo peke yake.

Sasa tuingie katika mapigo, kwa maana hapa ndipo tunaona mali nyingi imelala chini bila kuokotwa. Mtunzi wetu anahesabu mizani juu ya karatasi, na kumbe nje, kwenye uwanja, watoto wanahesabu kwa miguu. Tazameni nzango. Mistari miwili ya wasichana wanatazamana, makofi, wimbo, kuruka, kisha wawili wanatupa mguu kwa ghafula. Miguu ikifanana anapata huyu, ikikosana anapata yule. Wimbo wa nzango haukubali neno la kuziba tundu. Neno likiwa refu kupita kiasi, mguu unachelewa na pointi imepotea. Hakuna mkosoaji mkali kuliko mguu ule. Ao sikilizeni wasichana wawili wanaotwanga sombe katika kinu kimoja, huyu anapandisha mti wake na yule anashusha. Hilo ni pigo la maneno mawili mafupi yanayojibizana, na shairi la kujibizana linakaa pale vizuri kuliko ndani ya mizani 16.

Tulijaribu kuandika kwa pigo la chukudu. Kwa msomaji wa mbali: chukudu ni ile gari ya miti ya Kivu ya Kaskazini, magurudumu mawili ya mti yaliyovikwa mpira wa gurudumu la zamani, mwenyewe anapiga goti moja juu ya ubao na kusukuma kwa mguu mwingine. Ikipanda inasukumwa, ikishuka kutoka Kibumba kwenda Goma na mzigo wa viazi ao makala, hakuna wa kuisimamia mbele. Jina lenyewe ni ngoma ya mapigo matatu. Tukaweka hivi, mmoja anaita na wengine wanajibu:

Chukudu! — Gunia!
Chukudu! — Mulima!
Chukudu! — Jiwe!
Wote? — Chini!

Mtu mwenye diploma atasema hiyo si shairi, ni kelele. Tunakubali nusu. Lakini ndani ya kelele ile kuna mambo manne yanayofuatana, mzigo, mteremko, kizuizi, anguko, na hakuna kitenzi hata kimoja. Hadithi nzima inabebwa na majina. «Jiwe» lina mapigo mawili mahali ambapo sikio lilizoea matatu, na pale ndipo gurudumu linapokwama. Mtoto wa miaka saba hatakuambia hivyo, ila ataanguka chini na kucheka mahali panapofaa, na hiyo ndiyo kuelewa pigo.

Msomaji ameona tumeandika «Mulima», si «Mlima». Hilo si kosa la mashine. Kuna ugomvi wa siku nyingi kati ya wale wanaotaka Kiswahili bora tu katika vitabu vya watoto na wale wanaosema tuandike kama vile tunaongea nyumbani: batoto, bitu, muti, minaenda. Kwa mashairi, siye tunaona ugomvi huu umekuzwa kupita kiasi. Hesabuni: «mti» ni mizani mbili, «muti» ni mizani mbili. «Mlima» ni tatu, «mulima» ni tatu. Mizani haipotezi kitu. Kinachobadilika ni mdomo. Mtoto wetu akipiga kofi juu ya «m» tupu, kofi linakosa mahali pa kukaa. Juu ya «mu» linakaa. Kwa hiyo katika shairi la kuimba na kucheza, tuandike mu- bila haya. Katika shairi la kusomwa kwa macho, lile la mwezi kwa mfano, Kiswahili cha kuandikwa kinatosha, na mtoto anajifunza njia zote mbili. Lakini majina ya vitu yasiguswe. Mwalimu anayefuta sombe na kuandika «mboga za majani», anayefuta manjanja na kuandika «mabati» ili aonekane msomi, ameondoa kitu mkononi mwa mtoto na kumwachia karatasi. Hilo hatuwezi kulisamehe kwa urahisi, hata likifanywa kwa nia njema.

Imebaki sehemu iliyo ngumu zaidi, na tusiipite mbio. Maisha ya kila siku ya watoto wetu si sambaza na nzango peke yake. Nyiragongo iliingia Goma tarehe 17 Januari 2002, moto ukapita katikati ya mji mpaka ziwani. Ikatoka tena tarehe 22 Mei 2021, na waliokuwa watoto mara ya kwanza walikimbia mara ya pili na watoto wao mgongoni. Vita tunaihesabu tangu miaka ya 1990, na mwanzoni mwa 2025 Goma, kisha Bukavu, ziliingiliwa na M23. Je, mtunzi wa watoto afanye nini? Wengine wanasema, watoto wameona mengi, tuwape maua. Wengine wanafanya kinyume, na hawa wanatuumiza zaidi. Tarehe 16 Juni, siku ya mtoto wa Afrika, wageni wanaketi chini ya hema, na msichana wa miaka tisa anapandishwa juu ya kiti kusema shairi ambalo mtu mzima amemwandikia: mimi ni mtoto wa vita, nioneeni, nihurumieni, nisaidieni. Ile -ni imerudi. Safari hii amri haiendi kwa watoto, inaenda kwa wageni, lakini ni kina kile kile na uvivu ule ule. Mtoto amefanywa bahasha ya barua ya kuomba. Uchungu wake ni wa kweli, maneno si yake, na kila mtu chini ya hema anajua.

Siye hatuamini maua, wala hatuamini bahasha. Tunaamini kwamba jambo baya linaweza kusemwa kwa mtoto kwa njia ile ile tuliyotumia kwa mwezi: mweke karibu na kitu, umwache aone. Pale Goma na pembeni yake kuna mazuku. Ni gesi nzito isiyoonekana, inayotoka ardhini na kutulia katika mashimo na mabonde. Anayeshuka ndani yake anakosa pumzi. Wadudu na ndege wanakutwa wamekufa pale, na mbuzi, na mara nyingine watu. Watoto wanaocheza ao kuchunga ndio walio karibu na ardhi. Shairi la kawaida lingesema: enyi watoto, mazuku yaogopeni. Tumejaribu hivi:

Nani amelala shimoni?
— Panzi amelala.
Nani amelala pembeni yake?
— Njiwa amelala.
Nani anawaamusha?
— Hapana mutu.
Taa ya baba ikashuka,
ikalala nayo.

Moto wa taa unazimika katika mazuku, hiyo ni kweli, na wazee wa sehemu zile wanajua dalili hiyo. Hatukutaja neno lenyewe ndani ya mistari. Mtoto wa Goma atalitaja mwenyewe, kwa sauti ya chini. Mtoto wa mahali pengine ataogopa bila kujua jina, na ataomba aelezwe. Kuna ndugu waliosoma karatasi hii mbele ya kuchapwa wakatuambia ni nzito kwa mtoto. Labda. Lakini ninani za kina mama wa vijijini, ambazo watoto wanalala nazo, zinataja njaa na baba asiyerudi, na watoto wanalala. Uzito haumwangushi mtoto ikiwa pigo linamshika, na hapa linamshika: swali, jibu, swali, jibu, kama katika mchezo. Kinachomwangusha ni kusemeshwa maneno ya watu wazima akiwa amesimama juu ya kiti peke yake.

Kwa nini tunapoteza wino mwingi hivi kwa mistari midogo? Kwa sababu ya darasa. Katiba ya 2006 inataja lugha nne za taifa, na Kiswahili ni mojawapo. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali lugha hizi zitumike kufundishia. Tangu Septemba 2019 masomo ya msingi ya serikali yametangazwa kuwa ya bure, na kila aliyeingia darasani tangu pale amehesabu vichwa juu ya benchi moja. Vitabu havikuongezeka kwa mwendo wa vichwa. Katika hali hiyo shairi ndiyo maandishi pekee ambayo hayahitaji kitabu. Mwalimu analisema mara tatu, watoto sitini wanalo, wanalipeleka nyumbani bila kulipia fotokopi, na jioni mdogo wao asiyesoma bado analo vile vile. Hakuna kitabu kinachoenda mbio hivyo.

Basi, ikiwa maandishi hayo ya kwanza ya Kiswahili yanaamuru tu, mtoto atajifunza jambo moja tu, kwamba Kiswahili cha masomo ni lugha ya kuambiwa tulia. Mambo yote yenye uhai atayasema nje, kwa Kiswahili cha uwanja, na miaka michache mbele atakapofika kwenye Kifaransa hataacha kitu nyuma cha kumwuma. Tunawafahamu vijana wa namna hiyo. Wanaandika barua za mapenzi kwa Kifaransa kibovu, juu hakuna aliyewaonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kuandika kitu kingine kuliko tangazo la kanisa.

Watunzi wapo. Tumesoma daftari za walimu wa Uvira, wa Kalehe na wa Goma, na katika kila daftari, kati ya mahubiri kumi, kuna mstari mmoja ambao mtu alitazama kweli: kumbikumbi wanaozama katika beseni la maji chini ya taa, mtoto mgongoni mwa dada yake anayeruka kamba, bidoni za njano zimepanga mustari mbele ya bomba na wenyewe wako mbali wanacheza. Mstari ule mara nyingi umefichwa katikati, na mwenyewe haujui thamani yake. Mhariri mwenye mkasi angefuta yale mengine yote na kuuacha peke yake. Ushauri wetu kwa chama, wakati kitakapokusanya mashairi ya watoto kwa kijitabu kinachofuata, ni huo: kukata zaidi, kurekebisha kidogo.

Na kabla ya kuchapa, karatasi zipelekwe uwanjani, si kwa mkaguzi. Wapeni watoto mistari, kisha mrudi siku tatu baadaye, msikilize. Walichosahau kilikuwa cha kusahauliwa. Walichobadilisha, kiandikwe kama walivyokibadilisha. Ile ya chukudu tuliitunga tukifikiria Goma na mawe yake meusi. Ikifika Bukavu, ambako chukudu ni chache na tope ni jingi, hatutashangaa «jiwe» likiwa «tope», na «gunia» likiwa jina la mwenzao mnene.